Mwanao anashindwa kila siku kwenye gemu? Mfundishe kucheza vizuri, si kucheza sana

Tura, Tabora. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu usiku. Katika nyumba iliyo hatua chache kutoka stesheni ya reli ya Tura, kijana wa miaka 14 alikuwa ameshindwa kwa mara ya tisa mfululizo katika gemu ya kupigana. Aliyemshinda ni binamu yake, aliye mdogo kwake kwa miaka miwili. Kijana alisimama na kuirusha padi, kile kifaa cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili. Waya ulichomoka, padi ikagonga ukuta, ikarudi na kumpata mdogo wake wa kike, mwenye miaka sita, juu kidogo ya jicho.

Mtoto alitoka damu. Asubuhi yake alipelekwa zahanati, akasafishwa kidonda, na mama akaambiwa jicho lenyewe halikuguswa. Uvimbe ulikaa siku nne. Mama, anayeuza vyakula na asali kwa abiria wa treni, alikuwa amekwisha kuamua tangu usiku ule: mashine itauzwa, na fedha zitanunua madaftari.

Mashine haikuuzwa. Hii ni habari ya kilichofanyika badala yake, na kwa nini mzazi mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo anaweza kujaribu kabla hajafikia uamuzi wa kuuza. Majina ya familia hayatajwi kwa kuwa wahusika wakuu ni watoto.

Aliyeizuia mashine isiuzwe ni mjomba wa kijana, ambaye ndiye aliyemletea kutoka Tabora mjini kama zawadi ya kufaulu kwenda sekondari. Alifika Jumapili jioni, akapokea shikamoo ya kijana aliyekuwa ameinamisha uso, kisha akamgeukia dada yake.

"Dada, ukiiuza leo, kesho atakwenda kibandani. Na huko humwoni."

"Basi mfundishe wewe," mama alimjibu. "Nakupa mwezi mmoja. Akimrushia mtu kitu tena, inaondoka, na wewe usinisemeshe."

Wengi wangetegemea mjomba apunguze saa za kucheza, basi. Alizipunguza, lakini alifanya na jambo la pili ambalo wazazi wengi hawalifikirii: alimfundisha mtoto kuucheza mchezo wenyewe.

Kubonyeza ovyo na hasira yake

Mchezo wenyewe ni Tekken 3, uliotengenezwa na kampuni ya Namco ya Japani. Ulitoka mwaka 1997 kwenye mashine kubwa za kumbi za michezo, na mwaka uliofuata ukaingia kwenye PlayStation. Ni gemu kongwe kuliko wengi wanaoicheza, lakini mpaka leo utaikuta kwenye vibanda na majumbani, kwa sababu inaendeshwa na mashine za zamani zinazouzwa kwa bei nafuu na watu wawili wanaweza kucheza wakiwa wamekaa mkeka mmoja.

Kila mchezaji huchagua mhusika wake. Wa kijana huyu ni Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa kapoeira. Watoto wengi wanaoanza humpenda Eddy kwa sababu rahisi. Ukibonyeza vitufe vya mateke hata bila mpango, anazunguka, anapinduka, anasimama kwa mikono na kupiga mateke yanayotoka pande usizozitarajia. Anayecheza hajui anachofanya, na anayepigwa naye hajui kinachokuja. Kwa wiki chache za mwanzo, kijana aliwapiga wenzake karibu wote.

Kisha binamu yake akajifunza kujikinga. Kuanzia hapo mateke yote yaliishia kwenye kinga, na kila yalipoishia hapo, Eddy alibaki wazi na kupigwa. Kijana alifanya kile ambacho watoto wengi hufanya: alibonyeza kwa kasi zaidi na kwa nguvu zaidi, na kucheza kwa muda mrefu zaidi. Aliendelea kushindwa, na hakuweza kueleza kwa nini.

Hapo ndipo hasira inapozaliwa. Mtoto anayeshindwa na kujua sababu ana la kufanya kesho. Asiyejua sababu anabaki na lawama tu: padi ni mbovu, binamu anaiba, mashine inamwonea. Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani ilipitia tafiti za gemu zenye mapigano na mwaka 2020 ikasema kuwa ushahidi hautoshi kuzihusisha na uhalifu wa kutumia nguvu. Lakini ilisema pia kuwa uhusiano mdogo upo kati ya gemu hizo na ukorofi wa kawaida, kama kufoka na kusukumana. Kwa mzazi maana yake ni hii: gemu haitamgeuza mwanao kuwa muuaji, lakini ukorofi anaoutoa mbele ya runinga ni jambo la kushughulikia, kwa sababu anayeumia ni aliyekaa karibu.

Mambo matano aliyofundishwa

Jambo la kwanza lilikuwa kubaki na mhusika mmoja. Kijana alikuwa na tabia ya kumwacha Eddy kila aliposhindwa, akajaribu mwingine, na mwingine. Mjomba alimkataza. Wahusika wa gemu hii hutofautiana kwa urefu wa miguu, kwa kasi na kwa namna ya kujiokoa, na anayebadilisha kila raundi huanza upya kila raundi. Kijana alimpenda Eddy, basi abaki na Eddy mwezi mzima.

Jambo la pili lilikuwa kinga, na kwa siku mbili za kwanza hakuruhusiwa kupiga hata teke moja. Kwenye Tekken, ukirudisha mshale nyuma mhusika wako anazuia mapigo ya juu na ya kati. Ukibonyeza mshale wa chini pamoja na wa nyuma, anachuchumaa na kuzuia ya chini. Aliyechuchumaa hupitwa juu ya kichwa na mapigo ya juu, lakini hupatwa na ya kati. Kwa hiyo hakuna kinga moja ya kila kitu, inabidi umtazame mwenzako. Kijana, aliyezoea kutazama vidole vyake na Eddy peke yake, alianza kumtazama mpinzani kwa mara ya kwanza.

Jambo la tatu lilikuwa mapigo matano tu. Eddy ana mapigo mengi yaliyoandikwa kwenye orodha ya gemu, na hakuna mtoto anayeweza kuyashika yote kwa mkupuo. Mjomba alimtaka achague matano: moja la haraka, moja la kati, moja la chini, moja la kumwadhibu mwenzake pigo lake kubwa likizuiwa, na mkamato mmoja wa kumshika anayejikinga muda wote. Kwenye padi ya PlayStation kitufe cha mraba ni ngumi ya kushoto, pembetatu ni ngumi ya kulia, eksi ni teke la kushoto na duara ni teke la kulia. Kijana alikuwa ameicheza gemu hiyo miezi mingi bila kujua kuwa kila kitufe kina kiungo chake cha mwili.

Jambo la nne lilikuwa chumba cha mazoezi. Tekken 3 ina sehemu ambayo mpinzani husimama tu, na unaweza kurudia pigo moja mara ishirini bila kushindwa na mtu. Watoto wengi huiruka kwa kuwa haina ushindi. Kijana alipewa dakika kumi za sehemu hiyo kabla ya kila mchezo: pigo moja, kwanza polepole, kisha kwa kasi.

Jambo la tano ndilo lililobadilisha nyumba. Kila aliposhindwa, kabla ya raundi nyingine, alitakiwa kujibu swali moja: "Amekupata kwa pigo gani?" Haikutosha kusema "ameniotea" au "ana bahati". Alipashwa kutaja pigo, na kusema mwenyewe alikuwa amesimama au amechuchumaa. Akishindwa kutaja, padi inawekwa chini kwa dakika tano na anakunywa maji.

Swali hilo ni dogo, lakini limebeba kazi kubwa. Mtoto hawezi kulijibu huku akifoka. Inambidi atulie, akumbuke, aweke maneno. Hiyo ndiyo mbinu inayotumiwa pia na wazazi na walimu kumsaidia mtoto mwenye hasira za haraka: kumwondoa kwenye hisia na kumpeleka kwenye maelezo ya kilichotokea.

Anayejua bao hahitaji kuambiwa mengi juu ya hili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na anayeanza husambaza kete kwa kubahatisha, anafurahi zikidondoka vizuri na kununa zikidondoka vibaya. Hawi mchezaji mpaka siku anapoanza kuhesabu kabla hajainua mkono.

Usingizi ndio unaomaliza somo

Kabla ya mwezi ule, kijana alikuwa akicheza mpaka saa tano usiku. Shuleni alisinzia, na nyumbani mama alidhani ni uvivu. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi shule amepata saa tano. Mtoto wa namna hiyo huwa mwepesi wa hasira hata bila gemu.

Kuna sababu ya pili ya kuzima mapema, nayo humgusa mtoto mwenyewe zaidi kuliko hotuba za mzazi. Vidole hujifunza pia wakati mtu amelala. Tafiti za watu waliofundishwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu zimeonyesha kuwa baada ya kulala usiku mmoja wengi wanabonyeza kwa kasi na kwa usahihi zaidi kuliko walivyoacha jana yake, bila mazoezi ya ziada. Ubongo huendelea kupanga kile kilichofanyiwa mazoezi mchana. Ndiyo maana mazoezi yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hushika vizuri kuliko yaliyorundikwa usiku mmoja, iwe kwenye gemu, kwenye ngoma au kwenye jedwali la kuzidisha.

Mjomba aliisema kwa namna ya mahali pale. Kabla ya reli, Tura ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Tabora. Waliotoka pwani walilazimika kwanza kulivuka pori la Mgunda Mkali, lenye maji machache, ndipo wafike Tura na kupata chakula katika vijiji vya mwanzo vya Unyamwezi. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871, mizigo yao ikiwa mabegani na vichwani mwa wapagazi. Hakuna mpagazi, hata awe Mnyamwezi hodari namna gani, aliyeifikia pwani kwa kutembea bila kulala. Walikwenda kituo kwa kituo, na kambi ilikuwa sehemu ya safari.

Ratiba iliyokubaliwa nyumbani ilikuwa hivi: Jumatano, Jumamosi na Jumapili, dakika 40 kila mara, baada ya maji kuchotwa na kazi za shule kumalizika. Runinga inazimwa saa mbili kamili usiku, ili akili ipate muda wa kutulia kabla ya kulala. Sauti ikipanda, padi inashuka.

Macho, vidole na mianga

Macho yanayokodolea runinga hupepesa mara chache kuliko kawaida, yakakauka na kuwasha. Mazoea yanayosaidia ni rahisi: kila baada ya dakika 20, mtoto atazame kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20. Akae mbali na runinga, na taa ya chumba iwe inawaka. Muda wa kucheza nje mchana una faida nyingine, kwa kuwa umeonekana kupunguza uwezekano wa mtoto kupata tatizo la kutoona mbali. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoshughulisha mwili. Mpira, kuruka kamba, na hata safari ya kisimani vinahesabiwa. Gemu haihesabiwi.

Vidole gumba huuma kwa wanaobonyeza kwa nguvu kwa muda mrefu, hasa sehemu ya chini ya kidole kuelekea kifundo cha mkono. Maumivu hayo ni dalili ya kupumzika, si ya kuvumilia. Yakiendelea zaidi ya wiki, au mtoto akishindwa kushika kalamu vizuri, apelekwe kituo cha afya. Kwa kijana wa Tura, maumivu yalipungua alipoanza kucheza vizuri, kwa sababu pigo linalotoka kwa wakati wake halihitaji kitufe kukandamizwa mara kumi.

Jambo ambalo wazazi wachache wanalijua ni la mianga. Baadhi ya watu wenye kifafa hupata degedege wakiona mwanga unaometameta kwa kasi, na wengine hawajui kuwa wana hali hiyo mpaka siku inapotokea. Desemba 1997 nchini Japani, mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kuonyesha mwanga mwekundu na wa buluu uliobadilika kwa haraka. Mtoto akipatwa na degedege, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu chochote mdomoni, na utazame saa. Ikizidi dakika tano, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, apate huduma ya afya haraka. Mtoto mwenye kifafa asicheze kabla mzazi hajazungumza na mhudumu wake wa afya.

Umri nao una maana. Nchini Marekani, Tekken 3 iliwekwa kwenye daraja la vijana kuanzia miaka 13. Yule mdogo wa miaka sita hakupaswa kuwa mbele ya runinga ile, na mama anakiri kwamba hilo lilimpita.

Kibanda na dau

Kibanda cha gemu si mahali pabaya kwa kuwa ni kibanda. Watoto hukutana, hucheka na kujifunza kwa waliowazidi. Lakini mzazi aende akione mara moja kwa macho yake. Atazame kama kuna hewa, kama wakubwa wanavuta sigara humo, kama watoto wa shule wanaruhusiwa kuingia saa za masomo, na kama wanacheza kwa dau.

Dau ndilo la kuogopa zaidi. Huanza kwa soda, likawa shilingi mia tano, kisha hela ya kusaga mahindi. Mtoto anayecheza kwa hela iliyotumwa na mama hachezi tena kwa furaha. Anacheza kuirudisha. Sheria ya nchi hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kushiriki michezo ya kubahatisha, na kitu hicho hakibadiliki kuwa halali kwa kuwa kinafanyika juu ya gemu ya Eddy na wenzake.

Lini mzazi awe na wasiwasi

WHO imeuweka ugonjwa wa uchezaji gemu kwenye toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu anashindwa kudhibiti uchezaji wake, gemu inatangulia mbele ya mambo mengine yote, na anaendelea hata baada ya kuona madhara. Kwa kawaida hali hiyo inatakiwa iwe imedumu angalau miezi 12 na kuharibu masomo, familia au maisha ya kila siku ndipo iitwe ugonjwa.

Kwa maana hiyo mtoto anayependa gemu si mgonjwa, na anayenuna ukimwambia azime si mgonjwa. Lakini anayeacha chakula, anayeacha marafiki, anayetoroka shule au kuiba ili acheze, na anayeahidi kuacha akashindwa mara kwa mara, asisubiriwe miezi 12. Mzazi azungumze na mhudumu wa afya au ustawi wa jamii mapema.

Gemu nazo zina faida, na haki iwatendewe watoto wanaozitetea. Mwaka 2003 watafiti Shawn Green na Daphne Bavelier wa Marekani walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kuwa wachezaji wa gemu za matukio ya haraka walikuwa wepesi wa kuona na kufuatilia vitu vingi kwa wakati mmoja. Hilo halimwongezei mtoto alama za hesabu. Linaonyesha tu kwamba jicho na akili vinafanya kazi pale mbele ya runinga.

Waliofika mbali, na wasiohitaji kufika

Watoto wataleta mifano, na ni vizuri mzazi aijue. Nchini Kenya yupo Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani kucheza Tekken 7, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kusajiliwa na timu ya kimataifa ya michezo hiyo. Alifanya hivyo huku akisomea sheria chuo kikuu.

Mwingine ni Arslan Siddique wa Lahore, Pakistan, maarufu kama Arslan Ash. Mwaka 2019 alishinda mashindano makubwa ya Tekken ya EVO mara mbili, kwanza Japani, kisha Las Vegas, Marekani, wakati dunia ilidhani mabingwa wa mchezo huo hutoka Japani na Korea Kusini tu. Alikuwa amenolewa nyumbani kwao, na wenzake wa mtaani waliokuwa wakali kama yeye.

Waliofika huko ni wachache sana, na mtoto asiambiwe kuwa ndiyo njia yake ya maisha. Lakini mifano hiyo ina somo linalomfaa hata anayecheza kwa kujifurahisha: hapana aliyefika kwa kubonyeza ovyo, na kushindwa na aliyekuzidi ndiyo shule yenyewe.

Hata Eddy mwenyewe, katika hadithi aliyotungiwa, hakuzaliwa akijua. Alifungwa gerezani kwa kosa ambalo hakulitenda, na kwa miaka minane akafundishwa kapoeira na mzee aliyemkuta humo. Kapoeira ni sanaa ya kweli, iliyochipuka kwa Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil, yenye mapigano na ngoma ndani yake. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza duara la kapoeira kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kijana alipoelezwa hayo na mjomba wake aliuliza maswali kwa nusu saa, runinga ikiwa imezimwa.

Mwezi ulipoisha

Mwezi uliopangwa ulimalizika bila padi kurushwa. Kulikuwa na siku mbaya. Jumatano moja kijana aliinuka na kutoka nje akiupiga mlango kwa nguvu, na mama alikuwa tayari kutaja mnunuzi. Baada ya dakika chache alirudi, akasema pigo lililompata, akamwomba radhi mama yake kwa ule mlango. Mama aliliacha jina la mnunuzi moyoni.

Mdogo wake, ambaye sasa hakai karibu na runinga, alipewa kazi ya kutazama saa na kutangaza kuwa dakika zimekwisha. Anaifanya kwa furaha na bila huruma.

Jumamosi ya mwisho binamu alikuja. Walicheza michezo minane, kijana akashinda mitatu. Ule wa nane ulikwenda mpaka raundi ya mwisho, Eddy akiwa amebakiwa na uhai mdogo, na binamu akamaliza kwa teke la chini. Kimya kikaingia. Mama alikuwa mlangoni na sinia la karanga za kuuza kwenye treni, akisubiri aone.

Kijana aliweka padi juu ya mkeka, taratibu.

"Lile teke la chini," alisema. "Nilikuwa nimesimama."

"Basi si uchuchumae," mama alijibu, akatoka kwenda stesheni.